Nani Alikuwa Depite wa Ruashi? Somo juu ya Viti, Kura na Mji Wetu



Mwezi uliopita, saa ya rekreasio, wadogo wawili wa kalasi ya pili waligombana karibu na bomba la maji. Mimi kama kapita wa wanafunzi nikaitwa mbio. Nilifikiri ni mambo ya mpira ao ya kalamu iliyopotea. Kumbe hapana. Mmoja alikuwa amemwambia mwenzake: "Weye hauko mutu wa hapa, bankambo yako balikuyaka na treni." Mwenzake akajibu: "Na weye, nkambo yako njo alikuwaka depite wa Ruashi?" Hapo ngumi zikaanza. Walifagia uwanja mpaka kengele, na mimi nikafagia pamoja nao kwa sababu nilichelewa kufika.

Ufagio ukaisha, lakini lile jibu la mdogo wa pili likabaki kichwani mwangu. Nani alikuwa depite wa Ruashi? Niliuliza katika kalasi yetu ya mwisho, sisi tunaojitayarisha kwa mtihani wa Leta. Hakuna aliyejua. Niliuliza wakubwa wawili nyumbani. Kila mmoja alitaja jina lake, na majina hayakufanana. Kisha mwalimu wa historia akanipa kitabu kinene cha maktaba, akaniambia nisome kwanza habari za Ireland. Nilishangaa. Ireland na Ruashi, wapi na wapi?

Lakini someni hii. Zamani Ireland ilikuwa na bunge lake katika mji wa Dublin, lenye wabunge 300. Miji midogo zaidi ya mia moja ilikuwa na haki ya kutuma wabunge wawili wawili. Katika mingi ya miji hiyo wapiga kura hawakuzidi watu 13, na tajiri mmoja mwenye mashamba ndiye aliyesema nani aende. Mwaka 1801 bunge hilo likafungwa na kuunganishwa na lile la London. Wabunge wa Ireland wakabaki 100. Miji zaidi ya 80 ikapoteza viti vyake, na kwa kila mji kama huo fidia ya pauni 15,000 ikatolewa. Mara nyingi nani alipewa? Yule tajiri. Wakaaji wa mji hawakupewa hata senti. Maana yake kiti kiliitwa cha mji, lakini mwenye kiti alikuwa mwingine.

Basi nikarudi kwetu na swali hilo mkononi: kiti kinachoitwa chetu ni cha nani hasa? Jibu la wadogo wale wawili nalitoa sasa hivi, ili wasilitafute chini ya ukurasa. Kwa sheria ya leo hakuna depite wa Ruashi. Yuko depite wa Lubumbashi, anayechaguliwa na mji mzima. Kitu ambacho komine yetu ilipata mapema na kuwa chake kabisa ni baraza la komine, mwaka 1957, na kutoka uchaguzi ule ndipo maneno ya "mutu wa hapa" yalipata nguvu katika siasa ya mji huu. Wale wadogo hawakuyatunga wenyewe. Waliyaokota.

Ruashi ni mtoto wa miaka ya 1950. Serikali ya Wabelgiji iliunda mwaka 1952 Office des Cités Africaines, ile wazee wanaiita OCA, kwa kujenga sité za Waafrika katika miji mikubwa, na Ruashi ni kazi yake. Mji wenyewe uliitwa Elisabethville. Mwafrika aliyekaa hapa alilipa kodi, alijenga, alichimba shaba, lakini hakuwa na mahali hata pamoja pa kutia kura. Amri ya tarehe 26 Machi 1957 juu ya miji ilibadilisha jambo hilo kiloko. Elisabethville ikagawanywa katika komine. Kulikuwa ile ya katikati, ambako Wazungu walikaa, na nne za Waafrika: Albert (leo Kamalondo), Kenya, Katuba na Ruashi. Tarehe 22 Desemba 1957, siku ya Mungu, watu wakaenda kuchagua washauri wa komine zao.

Nasema watu, lakini nisahihishe: wanaume. Tena wanaume wa miaka 25 na zaidi. Mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye alikuwa mtoto wakati ule, alinieleza kwamba baba yake alivaa koti la kanisani kwa kwenda kupanga mstari, na mama yake akabaki kwenye mbabula akisema: "Mukamalize kuchagua, mukuye munielezee nini mulichagua." Wanawake wa nchi hii walingoja mpaka Katiba ya mwaka 1967. Wadada wa kalasi za juu, hesabuni wenyewe: ni miaka 10 baada ya baba yule kuvaa koti.

Na tusidanganyike juu ya ukubwa wa uchaguzi ule. Baraza la komine halikuwa na haki ya kutunga sheria za nchi. Washauri walipendekeza burgumestre, lakini aliyemweka ni gavana. Juu ya burgumestre wote alisimama burgumestre wa kwanza wa mji, mtumishi wa serikali, Mbelgiji. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza kwa jirani kumhesabu jirani yake katika sanduku.

Hesabu ilipotoka, wengi wa burgumestre wa komine za Waafrika walikuwa watu ambao asili yao si Katanga. Walikuwa wa Kasai na wa Maniema. Ilikuwa hivyo juu ya nini? Juu ya treni ile ile aliyoitaja mdogo wetu. Union Minière ilipohitaji wafanyakazi, ilikwenda kuwatafuta mbali, hata Kasai na Ruanda-Urundi. Kampuni ya reli, BCK, ikawaleta, na yenyewe ikawaajiri wengi. Miaka ikapita, wakazaa hapa, wakasoma, wakawa makarani, walimu, wakuu wa vikundi vya kazi. Vyama vya siasa havikuwako bado mwaka 1957. Vilivyokuwako ni vyama vya kabila, vile vya kusaidiana na kuzikana, na ndivyo vilivyopanga watu kwenda kuchagua. Basi waliopangika vizuri wakashinda. Si uchawi.

Lakini watu wa kusini ya Katanga waliisoma hesabu ile kwa njia nyingine. Walisema: inchi ni yetu, na viti wamepewa wageni. Mwezi wa 10 mwaka 1958 wakaunda Conakat. Godefroid Munongo alikuwa mkuu wake wa kwanza, kisha Moïse Tshombe akashika nafasi hiyo mwaka 1959. Neno lao kubwa lilikuwa "Katangais authentique", mtu wa Katanga wa kweli. Mwanzoni hata Baluba wa Katanga walikuwa ndani. Mwisho wa mwaka 1959 chama chao, Balubakat, kikatoka. Mimi sina miaka ya kuwahukumu wazee hao. Lakini nasema ninavyoona: mtu aliyeogopa kupotea katika inchi ya baba yake alikuwa na woga wa kweli, na mtu aliyeletwa na kampuni, akazeeka hapa, alikuwa na haki ya kweli. Kosa lilikuwa kusoma sanduku la kura kama kitabu cha makabila.

Sasa tufike mwaka 1960, mahali ambapo somo linakuwa refu. Chukueni kalamu.

Kabla ya uhuru Wabelgiji walitoa Sheria ya Msingi, tarehe 19 Mei 1960. Iliweka nyumba mbili. Baraza la Wabunge lilikuwa na viti 137, na hesabu yake ilikuwa kiti kimoja kwa wakaaji 100,000. Senati ilikuwa na viti 84, yaani 14 kwa kila jimbo katika majimbo 6. Wasenata hawakuchaguliwa na wananchi wenyewe, walichaguliwa na mabaraza ya majimbo, na katika wale 14, watatu angalau walipaswa kuwa wachifu ao wakubwa wa kimila. Katanga ilipata wabunge 16. Uchaguzi ulifanyika mwezi wa 5, na Conakat ikapata viti 8 kati ya hivyo 16. Nusu kamili! Upande wa pili ulikuwa Kartel: Balubakat ya Jason Sendwe, Fedeka ya watu wa Kasai, na Atcar ya Wachokwe. (Tshombe na Sendwe wote wawili walilelewa katika shule za Wamethodisti. Sisi tunaosoma shule ya Waprotestanti tusiseme ugomvi ule ulikuwa wa watu wa mbali.)

Jambo gumu lilikuwa baraza la jimbo hapa Elisabethville. Lilikuwa na viti 60. Conakat ilipata 25, Kartel 23, na wengine 12. Sheria ya Msingi ilitaka theluthi mbili ya wajumbe wawepo kabla ya kuchagua serikali ya jimbo na wasenata. Theluthi mbili ya 60 ni ngapi? Ni 40. Conakat ikavuta karibu wote wale wengine, lakini 25 na 12 ni 37. Kartel wakafanya nini? Wakakaa nje. Bila wao mkutano haukuweza kuchagua mtu.

Hapa nilifikiri watu wangeketi wazungumze mpaka wapatane. Haikuwa hivyo. Katikati ya mwezi wa 6, siku 15 tu mbele ya uhuru, bunge la Bruseli lilibadilisha kifungu cha 110 cha sheria ile, theluthi mbili ikaondolewa. Tarehe 16 Juni 1960 Tshombe akachaguliwa kuwa mkuu wa serikali ya jimbo, na serikali hiyo ikawa mikononi mwa Conakat. Katika mpira tunajua jambo hili: refa anabadilisha sheria dakika ya 80 juu timu moja imekataa kuingia uwanjani. Timu ile ilikuwa na kosa la kukaa nje. Lakini refa je?

Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikatangaza kujitenga. Baraza lile la jimbo likageuka kuwa bunge la taifa la Katanga, na mwezi wa 8 likamfanya Tshombe mkuu wa nchi. Kwa hiyo mtu aliyetia kura yake hapa mwezi wa 5 kwa kuchagua baraza la jimbo la Kongo, miezi mitatu baadaye alijikuta amechagua bunge la nchi nyingine. Hakuna aliyemuuliza tena.

Na wabunge wenyewe walipatwa na mambo mazito. Tarehe 17 Januari 1961 ndege ilishuka Luano, hapa karibu. Ilileta wafungwa watatu: Patrice Lumumba, aliyekuwa depite wa Stanleyville na waziri mkuu, Joseph Okito, makamu wa mkuu wa Senati, na Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri. Usiku uleule wakauawa porini, si mbali na mji. Kati yao walikuwamo waliokaa bungeni kwa kura. Tukipita Luano tunaangalia ndege tu.

Mwaka huohuo, miezi ya 8 na ya 9, maelfu ya Baluba walikimbia nyumba zao katika komine za Waafrika, wakaenda kulala katika kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Kati yao walikuwamo waliopanga mstari mwaka 1957. Mwaka 1962 wengi wakasafirishwa kwenda Kasai na kaskazini ya Katanga. Kujitenga kuliisha mwezi wa kwanza 1963.

Miaka iliyofuata napita mbio. Bunge la taifa lilifungwa na Kasavubu mwezi wa 9 mwaka 1963. Mwaka 1965 watu walichagua tena, na muungano wa Tshombe, CONACO, ukapata viti 122 kati ya 167, lakini tarehe 24 Novemba mwaka huo Mobutu akachukua mamlaka. Évariste Kimba, mtu wa Katanga, ambaye Bunge lilikataa kumkubali kuwa waziri mkuu siku chache mbele, akanyongwa hadharani mwaka 1966. Mwaka 1967 chama kimoja, MPR, kikazaliwa. Mwaka 1970 orodha ilikuwa moja tu. Mwaka 1975 hata karatasi hazikutumika: majina yalisomwa mbele ya watu waliokusanyika, watu wakapiga mikono, wakawa "wakomiseri wa watu". Komine ziliitwa zone, Katanga iliitwa Shaba. Wazazi wetu wengi walikua wakifikiri kuchagua ni kupiga mikono.

Lakini haki inataka niseme pia kwamba katika bunge lile la chama kimoja walitoka watu 13 ambao mwisho wa mwaka 1980 walimwandikia Mobutu barua ya kurasa 52 wakieleza ubaya wa utawala wake. Étienne Tshisekedi alikuwamo. Kyungu wa Ku Mwanza, mtu wa Katanga, alikuwamo. Walifungwa. Mtu wa Kasai na mtu wa Katanga chini ya barua moja! Ningependa kuishia hapo, ila historia haikuishia hapo. Kyungu akawa gavana wa Shaba mwaka 1991, na wakati wa ugavana wake, mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala na watoto katika stasio za reli wakingoja treni. Maneno ya mwaka 1958 yalirudi karibu yale yale. Mdogo wetu wa bomba la maji hakujua kwamba neno lake "treni" liliwahi kuua watu.

Jambo moja ambalo wengi wetu hatulijui: Bunge la nchi nzima liliwahi kukaa hapa hapa Lubumbashi. Mwezi wa 8 mwaka 2000, Laurent-Désiré Kabila aliweka bunge la mpito lenye watu 300 na kulipa makao yake katika mji wetu, katika Jengo la 30 Juni, ambalo mbele lilikuwa teatro ya mji, lilijengwa miaka ya 1950. Mnalipita kila mara mkienda mjini. Lakini wale 300 hawakuchaguliwa na mtu, waliwekwa. Bunge lilikuwa karibu na sisi kuliko siku yoyote nyingine, na kura yetu haikuwamo hata moja.

Uchaguzi ulirudi tarehe 30 Julai 2006, kisha 2011, 2018 na tarehe 20 Desemba 2023. Viti vya wabunge ni 500. Na hapa ndipo jibu la Ruashi linapopatikana. Sheria ya mwaka 2006 inasema eneo la uchaguzi wa wabunge ni teritware ao mji. Lubumbashi ni mji, kwa hiyo ni eneo moja, na komine zake 7 zinamiminwa katika sanduku moja. Hata baraza la jimbo la Haut-Katanga ni vivyo hivyo. Lakini Kinshasa, kwa baraza lake la jimbo, kila komine ni eneo lake. Mtu wa komine ya Kinshasa anaweza kusema "huyu ni depite wa komine yangu kwa jimbo." Mtu wa Ruashi hawezi. Mimi naona hilo si haki, na ninakaribisha mwenye kunipinga aandike katika gazeti lijalo.

Tena hesabu yenyewe inawadanganya wengi. Watu wanafikiri mwenye kura nyingi anaingia. Sivyo. Tufanye mfano wa kalasini tu: eneo lina viti 3 na kura 90,000. Orodha A ina 50,000, B ina 28,000, C ina 12,000. Gawanya 90,000 kwa 3: kiti kimoja ni kura 30,000. A inapata kiti 1 na kubakiwa na 20,000. B na C hazifiki, zinabaki na zao. Viti viwili vilivyobaki vinakwenda kwa mabaki makubwa: B kwa 28,000, kisha A kwa 20,000. Basi A 2, B 1, C 0. Sasa kama kura zote 12,000 za C ni za mtu mmoja, tuseme mtu anayependwa sana Ruashi, anarudi nyumbani. Na mtu wa A mwenye kura 3,000 anaweza kuingia bungeni juu ya wenzake wa orodha. Kutoka uchaguzi wa 2018 kuna tena kizuizi kingine: orodha za chama zisipofikisha asilimia 1 ya kura za nchi nzima, hazihesabiwi katika kugawa viti.

Katika uchaguzi wa 2023 kulikuwa karatasi moja zaidi, na wakubwa wengi nyumbani hawakuiangalia vizuri juu macho yote yalikuwa kwa rais. Ilikuwa ya washauri wa komine, katika komine za miji mikuu ya majimbo. Ruashi ilikuwamo. Safari hii mama yule wa kwenye mbabula, kama angekuwa hai, angepanga mstari mwenyewe. Sheria inasema washauri hao ndio wanaochagua burgumestre. Si gavana tena.

Mimi mwaka 2023 sikuwa na miaka ya kuchagua. Sasa ninayo 18. Wale wadogo wawili watakuwa nayo pia siku moja, na kwa sasa wanakaa benchi moja, kwa amri yangu, mpaka mwisho wa trimestre.

Mwalimu wa historia anataka tukusanye vitu vya 1957 na 1960 kwa maonyesho ya shule. Kama nyumbani kuna mzee mwenye kitambulisho cha zamani, picha ya siku ya uchaguzi, ao hata kumbukumbu tu ya mahali alipopanga mstari, mwanafunzi aje kwangu saa ya rekreasio na daftari. Tutaandika maneno yake. Hatutauliza kabila.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya mwisho